Rangi ya Buluu kwenye Mlango wa Ghala

Ukiuliza barabarani nyumba ya Shangazi ni ipi, hata muuza duka aliyemzidi umri kwa miaka kumi atakuonyesha kwa kidevu: ile pale, yenye ghala la mbao na ng'ombe wengi kuliko watu. Jina hilo alipewa na watoto wanne wa kaka yake, aliowalea yeye wakati mama yao akifanya kazi mjini na baba yao akiendesha malori ya masafa marefu na kurudi nyumbani kama mgeni, na mfuko wa machungwa mkononi. Watoto walikua, wakaondoka. Jina likabaki, likaenea, na siku hizi hata mchuuzi wa ng'ombe humwita Shangazi huku akitafuta namna ya kumpunja.

Shamba waliachiwa na baba yao, yeye na kaka, bila kugawanywa. Si kubwa. Ni mteremko mmoja wenye majani, uliokatwa kwa waya vipande vinne, birika la maji chini, zizi juu, na ghala katikati. Ng'ombe ni wa nyama. Maziwa yote ni ya ndama, na ukitaka ya chai ukanunue dukani kama watu wengine, jambo ambalo wifi yake Shangazi hajalimeza mpaka leo. Kila asubuhi akitazama viwele vile vyote vikipita mbele ya dirisha lake la jikoni, huguna.

Watu hudhani ufugaji wa namna hii ni kukaa kivulini na kuhesabu pembe. Shangazi alishachoka kuwaeleza. Dume unaweza kumwazima, majani ukibahatika mvua itakuletea, lakini shamba ni majike. Jike ana kazi moja: azae kila mwaka, amnyonyeshe ndama wake mpaka aachishwe, na abebe mimba nyingine huku bado ananyonyesha. Anayefanya hivyo analipia majani yake. Asiyefanya anakula ya mwenzake. Na kwa macho hivi huwezi kumjua nani ni nani, kwa sababu ng'ombe hasemi, na mwaka mzima ni mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu mwenye mambo mengi.

Ndiyo maana alikuwa na mlango.

Upande wa ndani wa mlango wa ghala, kwa miaka tisa, Shangazi alikuwa akiandika kwa makaa na chaki. Kila jike na mstari wake. Nukta ilikuwa siku aliyopandwa na dume. Duara ni ndama aliyezaliwa, msalaba ni ndama aliyekufa. Kistari cha kushuka kilimwonyesha binti, ili dume asije akaachwa na mabinti zake mwenyewe kwenye kipande kimoja cha malisho. Mgeni angeona uchafu tu, kama mahali ambapo watoto wamechorachora. Shangazi akisimama mbele yake, mkono kiunoni, alikuwa anaona shamba zima: nani kachelewa, nani kaharibu mimba, nani anakaribia. Kuusoma mlango huo hakumfundisha mtu. Kwanza hakuna aliyeuliza.

Sasa, kaka.

Kaka alistaafu miaka miwili iliyopita, akarudi na mkewe, masanduku matatu na mazoea ya miaka thelathini ya kung'arisha. Huyu mtu alikuwa hawezi kupita karibu na kitu cha bati bila kukifuta kwa kitambaa. Mtaani wanamwita Dereva. Ng'ombe kwake ni kama lori: likiwa linang'aa, basi injini nayo itakuwa nzima. Tangu aliporudi alikuwa na kipenzi kimoja zizini, jike mweusi mnene, ngozi kama kiatu kilichopigwa rangi, mgongo mpana unaoweza kubeba sinia la vikombe na visimwagike. Yeye mwenyewe alimbatiza Malkia. Kila mgeni aliyefika alipelekwa kwanza kwa Malkia, halafu ndipo apewe kiti.

Malkia alikuwa hajazaa kwa miaka miwili, na kila mara kaka aliapa kwamba safari hii ameshabeba.

Na alikuwepo mwingine, mwembamba, sikio moja limechanika, nyonga zimetokeza kama vitasa vya mlango, ambaye Shangazi alimwita Kijiti. Kijiti alizaa kila mwaka, miaka saba mfululizo. Ndama wake walikuwa wakubwa kuliko wa wengine siku ya kuachishwa, na yeye akabaki mifupa. Mgeni akija, kaka alimsukumia nyuma ya ghala asionekane.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Shangazi alizunguka vipande vyote vinne, akapima majani kwa kiwiko kama alivyozoea, akarudi na jibu lisilopendeza: majike yapo kumi na moja, na majani yanatosha manane mpaka mvua nyingine. Watatu waondoke Ijumaa, mchuuzi atakapopita na lori lake. Wawili hawakuwa na ubishi. Kizee, ambaye meno yalikuwa yameisha mpaka anamung'unya majani kama bibi anayekula karanga, na Mateke, aliyekataa kunyonyesha ndama wake mara mbili na mara ya pili nusura amvunje taya. Kwa hao kaka na dada walikubaliana. Ugomvi ulikuwa kwa wa tatu. Dada alisema Malkia. Kaka alisema Kijiti, na akasema kwa ile sauti ya mtu aliyetangulia kuzaliwa.

Shangazi hakubishana. Alijua atamsimamisha mbele ya mlango, amwonyeshe mstari kwa mstari, duara kwa duara. Lakini katikati ya wiki iliyotangulia akaitwa na binti wa kaka, yule wa mwisho, aliyekuwa amejifungua na mume yuko safarini. Alikwenda siku nne. Akiwa mlangoni na kikapu chake aligeuka akamwambia kaka kitu kimoja tu, kwamba akipata nafasi alisafishe ghala, maana ndama wangeanza kulishwa humo.

Hayo ndiyo maneno aliyoyajutia.

Aliporudi Jumatatu mchana, kaka alikuwa amesimama uani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Wifi naye pembeni, mikono imefumbatwa kwenye kanga, tabasamu mpaka masikioni. Wakamwongoza. Ghala lilikuwa limefagiwa mpaka pembeni. Pumba zilipangwa kwa magunia, kamba zilitundikwa kwa urefu wake. Na mlango ulikuwa wa buluu, ile ya lori la mwisho la kaka, aliyoihifadhi kopo moja miaka yote hiyo akisubiri kazi inayostahili.

Shangazi akaufungua mlango taratibu kutazama upande wa pili. Na huko nako ulikuwa wa buluu.

Alisimama pale ameushika mlango, na wifi akadhani ni furaha.

"Ndani kulikuwa kumechafuka, wifi yangu," akasema kwa kujivuna. "Makaa makaa tu. Nilisugua kwa sabuni na mchanga siku nzima, mpaka mbao zikawa nyeupe, ndipo kaka yako akapaka."

Hapo ndipo tumaini la mwisho lilipokata roho, maana kwa sekunde mbili hivi Shangazi alikuwa ameshawaza kisu. Angeikwangua rangi usiku kucha ikibidi. Sasa hata akikwangua atakuta mbao nyeupe, safi, kazi ya mikono ya wifi mpenzi.

Unafanyaje hapo? Ukimgombeza mtu aliyekukosea makusudi, angalau unatua mzigo. Hawa walikuwa wamempa zawadi. Kaka mwenye miaka sitini na sita alikuwa amepanda kwenye ngazi. Shangazi akaurudisha mlango taratibu.

"Asante, kaka," akasema. "Mlango umependeza."

Halafu akaenda kukaa nyuma ya birika, akaangalia maji mpaka jua likahama.

Jumanne alijaribu kukumbuka. Alichukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika majina kumi na moja, akaanza kujaza. Wale wa karibu walikuja wenyewe. Wa miaka ya nyuma walianza kuingiliana. Zabibu na Mpole, hao walimtesa kuliko wote: ndugu wa mama mmoja, wekundu wote wawili, doa moja jeupe chini ya tumbo, na walipandwa wiki moja. Au alipandwa mmoja? Alikuwa na uhakika amemwona dume juu ya Mpole asubuhi moja ya ukungu, na alikuwa na uhakika baada ya hapo Mpole hakurudi kutafuta dume tena. Aliweka nukta. Aliikumbuka hata chaki ilivyovunjika. Mstari gani, hapo sasa ndipo palipokuwa na ukungu.

Mpole hakuwa ng'ombe hivi hivi. Alikuwa binti wa mwisho wa jike aliloacha baba yao, wa damu ya zizi la kwanza. Alikuwa anakuja akiitwa, anaweka kidevu begani mwa Shangazi na kupumua. Mtu mzima huona aibu kusema anampenda ng'ombe, kwa hiyo Shangazi hakusema.

Jioni, mezani, kaka akauliza wa tatu ameshaamuliwa ni nani. Shangazi akaanza kueleza mara zote Malkia alizopandwa bure. Kaka akamsikiliza kwa upole wote, akafuta midomo, akauliza imeandikwa wapi.

"Ilikuwa imeandikwa mlangoni, kaka."

"Mlango gani?"

Shangazi akaonyesha kwa uma. Kaka akageuka, akatazama dirishani, ghala lake la buluu likimeremeta kule nje, na kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika. Hakuomba radhi. Watu wa umri wake huomba radhi kwa kukusogezea bakuli la mboga, na alilisogeza. Lakini kwenye neno lenyewe hakurudi nyuma hata hatua. Alisema basi kama haikuandikwa, ni neno lake na neno la dada yake, na macho hayadanganyi. Mmoja amenona, ana afya, mtu yeyote anaona. Mwingine amekonda kama mwiko. Wa kuondoka ni yupi?

"Malkia amenona kwa sababu hana kazi," Shangazi akasema. "Hanyonyeshi, habebi. Chakula chote kinakwenda mgongoni. Hata mimi ningenona."

Wifi, aliyekuwa na mwili wake mzuri tu na aliyezaa wanne, akaacha kutafuna. Ikabidi Shangazi atumie robo saa nzima kufafanua kwamba alikuwa anamsema ng'ombe.

Wakakubaliana jambo moja: daktari wa mifugo aje Jumatano. Awapime wote mimba. Atakachosema yeye hakuna wa kukipinga. Shangazi akalala akiwa na nafuu, kwa sababu alikuwa ameshajua majibu.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti kubwa kuliko yeye, anayefanya kazi huku akizungumza habari nyingine kabisa. Ng'ombe waliingizwa mmoja mmoja kwenye kichochoro cha miti, gogo likapitishwa nyuma ya miguu, na daktari akavaa glovu ndefu mpaka begani, akaupaka mkono sabuni, akauingiza, akatazama mawinguni kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Kwa kila ng'ombe alitoa neno moja. Ana. Ana. Huyu miezi mitatu. Ana.

Kijiti akaingia. Daktari akatabasamu kabla mkono haujafika kiwiko. "Miezi mitano na nusu. Huyu mama ana bidii." Kaka akatazama kucha zake.

Malkia akaingia kwa madaha, ikabidi asukumwe kwa sababu alienea kichochoro chote. Daktari akachelewa. Akatoa mkono, akaongeza sabuni, akarudi. Kaka alikuwa ameshika mti wa kichochoro kwa mikono miwili.

"Hakuna kitu," daktari akasema. "Na ndani mafuta tupu. Mzee, huyu hata ukimngoja miaka mitatu, utaendelea kuwa na ng'ombe mzuri wa kutazama."

"Labda mkono haujafika, daktari," kaka akasema. "Ni ng'ombe mkubwa huyu, na wewe, usinielewe vibaya, hukujaliwa urefu."

"Mkono wangu umefika mahali wewe hujawahi kufika, mzee wangu."

Shangazi akacheka, na kicheko kilimtoka bila adabu, kicheko cha mtu aliyekaa siku tatu na mfupa kooni. Alikuwa bado anacheka Zabibu alipopita, ana, miezi minne. Na alikuwa bado na mabaki ya kicheko mdomoni Mpole alipoingia, akajisimamisha mwenyewe mahali pake, akanyoosha shingo kumtafuta Shangazi.

Daktari akatazama mawingu. Akatazama muda mrefu.

"Na huyu hana."

"Anayo," Shangazi akasema. "Alipandwa miezi minne iliyopita. Nilimwona."

"Huyu ulimwona, au mwenzake?" daktari akauliza, kwa upole, akionyesha kwa kidevu yule mwekundu mwingine aliyekuwa ameshatoka. "Maana yule wa miezi minne anaangukia hapohapo. Mwaka jana huyu alizaa?"

Shangazi akafungua mdomo. Mwaka jana. Mwaka jana mstari wa Mpole ulikuwa na nukta tu. Nukta bila duara. Alikumbuka sasa, na alikumbuka vizuri kuliko alivyotaka, kwamba nukta ile aliiweka bila kumwona dume. Aliiweka kwa matumaini, kwa sababu mstari mtupu ulikuwa unamuuma kuutazama. Miaka tisa mlango haukumdanganya mtu, isipokuwa hapo, na aliyeufundisha kudanganya alikuwa yeye.

"Aliruka mwaka," akasema.

"Basi miwili," daktari akasema, akavua glovu.

Usimcheke. Kila mfugaji ana mmoja zizini ambaye sheria haimhusu.

Kaka hakucheka pia, na hilo ndilo lililomkera Shangazi zaidi. Laiti angecheka, wangegombana wakamaliza. Alimngoja daktari anawe mikono, achukue begi lake, pikipiki yake iishe kusikika. Kisha akaja kusimama karibu na dada yake, mabega yakigusana, akazungumza kwa sauti ya chini, sauti ya mapatano.

"Mdogo wangu, wewe una wako na mimi nina wangu. Tuwasamehe wote wawili. Kijiti aende na wale wengine, nane watabaki, majani yatatosha. Nani atajua?"

Kwa kweli, halikuwa wazo la moyo mbaya. Shangazi alilishika akaligeuza huku na huku. Watabaki nane. Mpole ataendelea kuja akiitwa. Nyumbani kutakuwa na amani, kaka atang'arisha Malkia wake, wifi atapika akiimba. Na nani atajua? Hata mlango haukuwepo wa kujua.

Kijiti alikuwa ameshatoka kwenye kichochoro na kurudi moja kwa moja kwenye majani, bila kupoteza muda, ndama wake wa mwaka huu akimpiga kichwa ubavuni akitaka kunyonya. Mmoja nje, mmoja ndani, na yeye mwenyewe hana hata paja la kukaanga. Shangazi alimtazama akahisi hasira. Si hasira ya kaka, wala ya rangi. Hasira ya kwamba mtu ukisimama upande wa haki, haki yenyewe inakutazama kwa nyonga zilizotokeza na sikio lililochanika, na yule unayempenda ndiye anayepumua shingoni mwako.

"Hapana, kaka," akasema. "Asiyebeba aondoke. Wako na wangu."

"Na Mpole?"

"Nimesema wangu."

Kaka akamwangalia kama anamwona akipita taa nyekundu. Akakumbusha kwamba huyo ni wa zizi la baba. Shangazi akasema anajua ni wa zizi la nani. Kaka akasema basi anafanya hivyo kwa kumkomoa yeye tu. Hapo Shangazi akamwacha amesimama, akaenda kufungua maji ya birika ingawa birika lilikuwa limejaa, yakamwagika mpaka viatu vyake vikalowa.

Alhamisi hawakusemezana. Wifi alibeba ujumbe kati yao kama mtu wa posta: mwambie kaka kamba ziko wapi, mwambie dada zipo nilipozitundika. Wa kuondoka walitengwa kwenye kipande chao cha malisho. Shangazi alimpita Mpole mara nne bila kumwita. Mara ya tano Mpole akaja mwenyewe.

Ijumaa mchuuzi akafika na lori, kamba begani. Aliposikia ni wanne akafurahi, na alipomwona Malkia akafurahi mara mbili. Akamzunguka, akampiga kofi la mgongoni, akasifu nyama ile kwa maneno ambayo kaka alikuwa ameyangoja miaka miwili ayasikie kutoka kwa mtu mwenye ujuzi. Maskini kaka hakujua afurahi au alie. Akatoa kitambaa mfukoni, akamfuta Malkia vumbi la mgongoni, mara ya mwisho, akampandisha yeye mwenyewe. Kizee akapanda kwa kusaidiwa. Mateke akapanda kama jina lake.

Mpole alikataa ubao wa kupandia. Mchuuzi akamvuta, msaidizi wake akasukuma, kamba ikanyooka, miguu minne ikachimba ardhi. Mchuuzi akainua fimbo. Shangazi akasema wee, weka chini hiyo. Akapanda juu ya lori yeye, kwa sketi yake na viatu vyake vya kazi, akageuka, akaita kama anavyoita kila asubuhi. Mpole akapanda. Akaja mpaka kwenye bega, akaweka kidevu.

Kushuka pale alisaidiwa na kaka, aliyempa mkono.

Lori likaondoka. Kwenye mteremko walibaki saba, wote wamebeba, na Shangazi alijua kwamba huo ulikuwa mwaka bora wa zizi tangu baba yao afariki. Alijaribu kufurahi. Ilikuwa kama kujaribu kupiga chafya.

Alasiri alichukua kipande cha chaki, akaenda ghalani, akafunga mlango kwa ndani na kuanza upya. Chaki ikateleza. Kwenye rangi ile ya mafuta haikuacha alama, iliacha unga tu ulioanguka chini. Akajaribu makaa. Makaa yakateleza pia. Akasimama na mikono michafu mbele ya ubuluu ule wote uliong'aa, akaona uso wake mwenyewe humo, na ndipo alipotamka neno moja ambalo hakuwafundisha watoto wa kaka yake.

Mlango ukagongwa. Akafungua. Kaka alikuwa nje, miwani kichwani, msumari wa inchi nne mkononi.

"Sogea," akasema. "Nitachora mimi. Wewe taja. Mimi ndiye niliyeufuta."

Shangazi akamtazama kuona kama anafanya masihara. Hakuwa anafanya. Kwa hiyo akasogea, akakaa juu ya gunia la pumba, akataja. Kijiti. Kaka akaanza kuchora K, akikwaruza rangi yake mwenyewe huku amekunja uso kama anayejipasua jipu, na sauti ya msumari ikawafanya wote wawili waume meno. Mimba, miezi mitano na nusu. Kaka akauliza hiyo ni duara au nukta. Nukta, kaka, duara mpaka azae. Zabibu, miezi minne, binti wa jike la baba. Kaka akakwaruza, akasimama nyuma kutazama, akapuliza vumbi la rangi.

Alipomaliza jina la tatu, mlango ulikuwa umejaa. Herufi zilikuwa kubwa kama za ubavuni mwa lori.

"Kaka. Wapo saba. Andika kidogo kidogo."

"Nitasomaje, mimi na macho haya?"

"Ni wa kusoma mimi."

"Wa kusoma sisi," kaka akasema, bila kugeuka.

Shangazi akafumba macho, akahesabu moja mpaka kumi, akarudia. Wanne walikuwa bado, na miaka yao, na mabinti zao. Akainuka, akafungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta, akamwonyesha upande wa nje, ule wa barabarani, buluu safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, ambao kaka aliupenda kuliko wa ndani.

"Basi endelea na huku," akasema.

Kaka akautazama mlango wake. Akautazama muda mrefu, kama daktari alivyotazama mawingu. Kisha akavuta pumzi, akashusha miwani puani, akauliza wa nne anaitwa nani.